Mume wangu anasema nakula jasho lake: je, nafaka (matumizi anayopewa mke na mumewe) ni haki au ni sadaka?

SWALI

Assalamu alaykum Sheikh. Nina miaka 11 ndani ya ndoa na watoto wanne. Nilikuwa nimeajiriwa, nina mshahara wangu. Mtoto wetu wa tatu alizaliwa na maradhi yanayomtaka mtu awe karibu naye usiku na mchana, mume wangu akaniomba niache kazi, nikaacha. Sasa ni mwaka wa sita. Mawifi zangu wananiita "golikipa", yaani mtu wa kukaa golini kusubiri mipira, na mume wangu anacheka nao. Tukikosana ananiambia, "Umekaa tu, unakula jasho langu." Mwezi uliopita alijaza fomu ya shule ya mtoto wetu, penye nafasi ya kazi ya mama akaandika "hana". Mwanangu ndiyo kwanza anajua kusoma, akaisoma kwa sauti, akaniuliza, "Mama, kumbe wewe huna kazi?" Nilishindwa kumjibu. Kisha wifi yangu mmoja akanitumia mawaidha ya mhadhiri anayesema kwamba mke asiyeingiza pesa yuko chini, kwa sababu Mtume (s.a.w.) amesema mkono wa juu ni bora kuliko mkono wa chini, na kwamba mke huyo anaishi kwa sadaka ya mumewe. Je, ni kweli nakula sadaka? Je, napata dhambi kwa kuwa mzigo? Na je, ninaweza kumdai mume wangu malipo ya kazi ninayoifanya? Nakiri pia kwamba nilimjibu wifi yangu huyo, ambaye ni mwajiriwa, nikamwita "mama wa jioni" kwa kuwa watoto wake wanalelewa na dada wa kazi.

JIBU

Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullahi wa barakatuh.

Dada yangu, maswali huwa nayajibu kwa zamu yalivyokuja. Hili lako nimelitanguliza kwa sababu mbili. Kwanza ni huyo mtoto na fomu yake. Pili ni hayo mawaidha, maana si wewe wa kwanza kuletewa. Yamenifikia kutoka kwa wanawake kadhaa, na kila mmoja wao alikuwa ametumiwa na mtu aliyetaka kumuumiza. Maneno ya Mtume (s.a.w.) yakigeuzwa kuwa kitu cha kumtupia mtu nyumbani kwake, ni wajibu wetu kusema.

Majibu kwa mkato ni haya. Huli sadaka, unakula haki yako. Huna dhambi yoyote kwa kukaa nyumbani ukalea, na ukinuia radhi za Allah una thawabu. Suala la malipo lina maelezo, nitalifikia. Na hilo jina ulilompa wifi yako nalo sijalisahau.

Nianze na hadithi. Ni sahihi, imepokewa na Bukhari na Muslim, hilo halina ubishi. Ubaya ni kwamba mhadhiri ameisoma nusu. Mtume (s.a.w.) amesema mkono wa juu ni bora kuliko mkono wa chini, kisha akaendelea palepale: na anza na wale unaowalisha. Hayo maneno yaliyoachwa ndiyo yenye amri. Anaambiwa mwenye mali kwamba kabla hajatoka kwenda kuwagawia watu wa mbali, wapo wa nyumbani kwake wenye haki ya kutangulia. Hadithi iliyokuja kumwajibisha mume imechukuliwa ikafanywa ya kumdhalilisha mke! Na katika mapokezi ya Ibn Umar (r.a.), Mtume (s.a.w.) alikuwa juu ya mimbari akizungumzia sadaka na kujizuia na kuombaomba, akafafanua mwenyewe kwamba mkono wa juu ni ule unaotoa na wa chini ni ule unaoomba. Maudhui ilikuwa ni ombaomba. Sasa mwenye kudai deni lake akinyoosha mkono, tutamwita ombaomba? Kibarua akienda kuchukua ujira wake mwisho wa wiki, mkono wake ni wa chini? Yatima akikabidhiwa mirathi ya babake, amepewa sadaka?

Kuna jambo jingine ambalo mhadhiri angelikuta kama angefungua kitabu mwenyewe. Abu Hurayra (r.a.) alipokuwa akiisimulia hadithi hii, kama ilivyo kwa Bukhari, aliongeza: mke husema, ima unilishe ama uniache, mtumwa husema, nilishe kisha unitumie, na mwana husema, nilishe, unaniachia nani? Wakamuuliza kama hayo ameyasikia kwa Mtume (s.a.w.), akasema hapana, hayo yametoka katika mfuko wa Abu Hurayra. Hakika ni uaminifu mkubwa, kila neno amelirudisha kwa mwenyewe. Lakini tazama alivyoielewa hadithi yule aliyeipokea. Kwake yeye, mkono wa mke si wa kuomba. Ni wa kudai, tena kwa sauti ya mtu aliye na hoja: nilishe au uniache. Aliyeisikia hadithi kwa masikio yake aliielewa hivyo, kisha miaka zaidi ya 1,400 baadaye anakuja mtu kutuambia maana yake ni kinyume.

Na kipimo cha mhadhiri huyu ningemwomba akitazame kinakoelekea kabla hajakirudia. Anasema katika ndoa anayeleta pesa ndiye wa juu na anayetumia ni wa chini. Haya, akipeleke kipimo chake nyumbani kwa Bi Khadija (r.a.). Yeye ndiye aliyekuwa na mali na biashara. Allah anamwambia Mtume wake katika Surat Adh-Dhuha kwamba alimkuta mhitaji akamtosheleza, na wafasiri wengi wanataja kwamba ilikuwa kwa mali ya Khadija. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akisema, baada ya Khadija kufariki, kwamba alimsaidia kwa mali yake pale watu walipomnyima. Kwa kipimo hicho nani anawekwa juu na nani anawekwa chini? Najikinga kwa Allah hata kulimalizia neno hilo. Kipimo kinachofikisha huko ni kipimo kibovu, hata aliyekishika awe na sauti nzuri namna gani.

Sasa nafaka yenyewe. Allah amesema katika Surat Al-Baqara, aya ya 233, kwamba ni juu ya baba kuwapa akina mama chakula chao na nguo zao kwa wema. Katika hija ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijria, mbele ya umati uliokusanyika Arafa, Mtume (s.a.w.) alilirudia hilo: wana haki juu yenu ya chakula na mavazi kwa wema. Mafakihi wakalichukua kama wanavyochukua deni lolote. Sisi tuliosoma kwa madhehebu ya Imam Shafi'i tunajua kwamba walilipimia hadi kipimo: mume mwenye uwezo mudd 2 za chakula kila siku, wa kati mudd 1 na nusu, na masikini mudd 1, mudd ikiwa ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani. Mume asipotoa, katika madhehebu yetu linabaki deni shingoni mwake hata kama halijafika kwa kadhi. Na mke akiwa tajiri kuliko mume, haki haianguki. Ni nani aliyewahi kusikia sadaka ya lazima, yenye kipimo, inayopewa tajiri, na ambayo mtoaji akiikosa siku moja inageuka deni?

Bi Hind, mke wa Abu Sufyan, alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kulalamika kwamba mumewe ni mbahili, hampi kinachomtosha yeye na mwanawe isipokuwa kile anachokichukua bila mume kujua. Hakuambiwa asubiri huruma. Aliambiwa achukue kinachomtosha yeye na mwanawe kwa wema. Sadaka haichukuliwi mfukoni mwa mtu kwa siri. Kinachochukuliwa hivyo kwa idhini ya sheria ni haki peke yake.

Huenda mtu akasema: mbona imekuja hadithi kwamba mtu akiwagharimia watu wake huku akitaraji malipo kwa Allah, inakuwa kwake ni sadaka? Ni kweli imekuja, na ni sahihi. Maana yake ni sadaka katika thawabu. Katika hukumu inabaki wajibu. Wanazuoni walilibainisha hili kwa hoja fupi inayomaliza maneno: sadaka ni haramu kwa Bani Hashim, yaani ukoo wa Mtume (s.a.w.), na hakuna hata mwanachuoni mmoja aliyesema kwamba mwanamke wa Kihashimu ni haramu kupokea nafaka ya mumewe. Kwa hiyo mumeo, kila shilingi anayotoa kwa nia njema, ana ujira mbele ya Mola wake, hata tonge anayoinua kumlisha mkewe mdomoni, kama alivyoambiwa Sa'd (r.a.). Lakini sadaka ya thawabu nayo ina kinachoiua. Allah amesema wazi katika Al-Baqara, aya ya 264: msizibatilishe sadaka zenu kwa masimango na maudhi. "Unakula jasho langu" ni nini kama si masimango? Ananunua unga kwa jasho lake kweli, anaufikisha nyumbani, kisha thawabu yake anaichoma mwenyewe kwa sentensi moja. Mimi namhurumia, Wallahi. Mtu anatoka alfajiri, anarudi usiku amechoka, na alichokivuna siku nzima kwa Mola wake anakimwaga mlangoni.

Nimesema haki, lakini sitaki uondoke na neno haki peke yake, kwa sababu lina baridi kidogo na hali yako haistahiki baridi. Nikupeleke kwa Bi Asma bint Abi Bakr (r.a.). Anasimulia mwenyewe, na hadithi imo kwa Bukhari na Muslim, kwamba aliolewa na Zubayr naye hana mali yoyote duniani isipokuwa farasi na ngamia wa kutekea maji. Basi yeye ndiye aliyekuwa akimlisha farasi, akiteka maji, akishona ndoo ya ngozi, akikanda unga. Mkate hakuwa hodari wa kuuoka, majirani wa Kiansari wakimwokea. Na alikuwa akibeba kokwa za tende kichwani kutoka kwenye shamba la Zubayr, mwendo wa theluthi mbili za farsakh, ambao kwa hesabu ya leo ni karibu kilomita 3 na nusu. Siku moja yuko njiani na mzigo wake kichwani, Mtume (s.a.w.) akapita na kundi la Maansari. Akamwita, akampigisha magoti ngamia wake ili ampakie nyuma yake. Asma akaona haya kwenda na wanaume, akaukumbuka na wivu wa mumewe, Mtume (s.a.w.) akatambua, akaenda zake. Alipofika nyumbani akamsimulia Zubayr. Ninalotaka mumeo alisome ni jibu la Zubayr: Wallahi, kwangu mimi wewe kubeba zile kokwa ni jambo zito zaidi kuliko kupanda naye.

Zubayr, mtu wa vita, mmoja katika kumi waliobashiriwa Pepo, mzigo wa kichwani kwa mkewe ulimuuma yeye. Hakusema "umekaa tu". Asma anamalizia kwamba hali iliendelea hivyo mpaka Abu Bakr (r.a.) alipomletea mtumishi wa kumshika farasi, ikawa kama amemwacha huru. Hivi ndivyo mwanamke mwema alivyoizungumzia kazi ya nyumba: ni nzito, na kuitua ni kama kuachwa huru. Akina mama wa umma huu hawakuwa wakijifanya kwamba ni mchezo, wala Bi Fatima (r.a.) alipokwenda kwa babake kushitakia mikono yake iliyoumizwa na jiwe la kusagia hakuambiwa kwamba anadeka. Mtume (s.a.w.) aliwafuata usiku wakiwa wameshalala, akaketi kati yake na Ali, hata Ali akahisi ubaridi wa miguu yake kifuani, akawafundisha Subhanallah 33, Alhamdulillah 33 na Allahu Akbar 34. Wewe ambaye usingizi wako unakatwa na mtoto mgonjwa, shika hizo kabla ya kulala.

Sasa swali la malipo. Je, kazi za nyumba ni wajibu wa mke? Hapa wanazuoni wametofautiana, na ni vizuri watu wajue kwamba wametofautiana. Katika madhehebu yetu, Imam Shirazi ameandika kwamba haimlazimu mke kumhudumia mume kwa kuoka, kusaga, kupika wala kufua. Na Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, alipoifafanua hadithi hiyohiyo ya Asma alisema kwamba yote aliyoyafanya ni hisani ya mke na wema wa kuishi pamoja, na kwamba lau angekataa yote asingepata dhambi. Wengine, akiwemo Ibn al-Qayyim, wakapinga kwa nguvu, wakasema ni wajibu kwa kadiri ya ada ya watu, na hoja yao ni Fatima na Asma wenyewe. Mimi nimelelewa na kauli ya kwanza, ila nakiri kwamba watu wengi huingia kwenye ndoa wakiwa wamefahamiana kimyakimya kwamba mke ataitunza nyumba, na ada ina uzito wake katika sheria.

Lakini chagua kauli unayoitaka, "umekaa tu" haipati pa kusimama. Ukichukua ya Nawawi, basi kila sahani mumeo anayowekewa mezani ni hisani yako kwake, na tukirudi kwenye lugha ya mhadhiri, mkono wa juu katika jambo hilo ni wako! Ukichukua ya Ibn al-Qayyim, basi unatekeleza wajibu mkubwa wa dini. Hakuna kauli ya tatu inayosema kwamba hufanyi kitu.

Kuhusu kudai: miaka iliyopita huwezi kuidai kama deni la ujira, kwa sababu ulifanya bila makubaliano ya malipo, na anayefanya kazi bila sharti la ujira huhesabiwa amejitolea. Ya mbele mnaweza kukubaliana, si aibu wala si uasi. Katika madhehebu yetu hata mama akitaka ujira wa mfano, yaani ule wanaolipwa wengine kwa kazi kama hiyo, kwa kumnyonyesha mwanawe hupewa. Unachoweza kukidai cha nyuma ni nafaka iliyopungua, kama ilipungua.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona kubwa kuliko ujira. Mshahara wako uliuacha kwa ombi lake. Hayo yalikuwa makubaliano: wewe utabeba mtoto, yeye atabeba matumizi. Waislamu hushikamana na masharti yao, na kumsuta mtu kwa jambo ulilomwomba mwenyewe ni khiyana ya ahadi. Sasa mumeo afikirie. Akiondoka duniani leo na watoto wake wapo, sehemu yako katika mirathi ni 1/8. Hiyo ni hukumu ya Allah na tunairidhia kwa moyo mkunjufu. Lakini hukumu hiyohiyo haikumkataza kukupa kitu angali hai na mzima wa afya. Naomba kila mwezi atenge kiasi, hata kidogo, kiwe hiba yako wewe, mbali na unga na sabuni. Na kikufike mkononi au kwenye akaunti yenye jina lako, maana katika madhehebu yetu hiba haithibiti mpaka ipokewe, na ahadi ya mdomo haitakusaidia mbele ya warithi. Asisubiri hadi alale kitandani na maradhi ya mauti, hapo itahesabiwa kama wasia na warithi wana neno. Si fikra ngeni hii. Ibn Ardun, kadhi wa Kimaliki wa huko Moroko katika karne ya 10 ya Hijria, alitoa fatwa kwamba wanawake wa milimani waliotoka jasho pamoja na waume zao wana fungu katika kilichochumwa. Nasi tunaweza kuufikia uadilifu huo kwa hiba tu, bila hata kuingia kwenye khilafu.

Nije kwenye majina. Allah amesema katika Surat Al-Hujurat, aya ya 11, watu wasiwadharau watu, huenda wakawa ni bora kuliko wao. Kisha akawataja wanawake peke yao: wala wanawake wasiwadharau wanawake, huenda wakawa ni bora kuliko wao. Wala msiitane kwa majina mabaya. Wanawake wangeweza kuachwa waingie katika maneno ya mwanzo, yanatosha. Wametajwa tena. Nawaomba mawifi zako wasimame hapo na waisome aya hiyo wakiwa peke yao.

Watasema ni utani. Bi Aisha (r.a.) naye alisema neno dogo kuhusu mke mwenziwe Safiyya, akiashiria ufupi wake tu, Mtume (s.a.w.) akamwambia amesema neno ambalo lau lingechanganywa na maji ya bahari lingeyachafua. Ni ishara tu kuhusu kimo! "Golikipa" lina zaidi ya hapo, maana linamwambia mtu kwamba uhai wake ni kusubiri kupokea. Utani ni pale na mwenye kutaniwa anapocheka. Na mume anayecheka pamoja na wanaomcheka mkewe anajua alichokifanya. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa haki ya mke juu ya mumewe alitaja chakula na mavazi, kisha akataja asipige uso na asimtolee maneno ya kumtia ubaya. Chakula na heshima vimewekwa katika jibu moja. Anayetoa cha kwanza na kukitumia kukata cha pili, hajatimiza.

Na kwa haki hiyohiyo, dada yangu, "mama wa jioni" ni jina baya. Wifi yako hukujua kinachomtoa nyumbani, na hata ungejua. Wapo wanaoichukua aya ya 33 ya Surat Al-Ahzab, kaeni majumbani mwenu, wakaifanya fimbo ya kuwapigia wanawake wote wanaotoka kutafuta riziki, na humohumo ndani ya Qur'ani wamo mabinti wawili wa Madyan waliotoka kunywesha mifugo kwa kuwa baba yao ni mzee, wala hawakulaumiwa. Ulichokosewa wewe umemkosea mwenzako. Mtake radhi, umtangulie, hata kama yeye hajakutaka.

Mtu mmoja ataniuliza, na wanaume wanaokaa nyumbani, walioachishwa kazi au walio wagonjwa, wanaoitwa marioo? Hukumu ya jina ni ileile. Abdullah ibn Mas'ud (r.a.), mmoja wa vigogo wa Qur'ani, alikuwa na hali duni, na mkewe Zaynab akimgharimia yeye na mayatima aliokuwa akiwalea. Alipouliza kama inajuzu, Mtume (s.a.w.) akasema ana ujira mara mbili, wa udugu na wa sadaka. Hatujasikia sahaba aliyemwita Ibn Mas'ud jina la kumchekea kwa hilo.

Hiyo fomu sasa. Nikiri jambo. Nimefungisha ndoa miaka mingi, na penye nafasi ya kazi ya bibi harusi, akiniambia yuko nyumbani, mkono wangu ulikuwa unapiga kistari. Sikuuliza hata mara moja, akili yangu ilikuwa tayari kwenye mstari unaofuata. Nilipoisoma barua yako nilikumbuka vile vistari vyote, na namwomba Allah msamaha. Mtume (s.a.w.) alipowataja watu kwa kazi zao alisema kila mmoja wenu ni mchunga na kila mmoja ataulizwa kuhusu anachokichunga. Akaanza na kiongozi wa watu, akaja kwa mwanamume katika watu wake, akasema na mwanamke ni mchunga katika nyumba ya mumewe, naye ataulizwa. Kiongozi wa nchi na wewe mmepewa jina moja, katika sentensi moja. Na hakuna anayeulizwa Siku ya Kiyama kuhusu kazi ambayo hana. Mwanao akiuliza tena, mjibu hivyo: mama ana kazi, ni mchunga, na nduguyo mgonjwa na wewe ndio ninaowachunga. Watoto wanaielewa lugha hiyo upesi kuliko sisi.

Kwa mume wako nina maneno mawili tu, maana naamini si mtu mbaya. Mtu mbaya asingeomba mkewe akae na mtoto mgonjwa. Bi Aisha aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, akasema alikuwa katika kazi za watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kuswali. Chukua usiku mmoja kwa wiki wa kukesha na mtoto huyo, mkeo alale mpaka alfajiri. Na nenda shuleni ukaombe fomu ile uijaze upya.

Dada yangu, jibu hili usilipeleke kwenye kundi la familia na usilisome mbele ya mawifi, utamfungia mumeo mlango wa kurudi. Msubiri ale, apumzike, watoto walale, umpe alisome mwenyewe. Akilikasirikia, nyamaza siku hiyo. Akiendelea na masimango baada ya hapo, mtafute mtu mzima mwenye hekima upande wake na mwingine upande wako, wakae nanyi kama alivyoelekeza Allah katika Surat An-Nisaa, aya ya 35, na waanze na suala la hiba kabla ya mengine. Allah amponye mwanao.

Wallahu a'lam.